Kutoka Photoshop ya 1990 hadi ya Leo: Kurekebisha Picha au Kuitunga?

Mwezi mmoja kabla ya jubilei ya parokia moja jirani, kitengo chetu cha mawasiliano hapa seminarini kilikabidhiwa kazi iliyoonekana ndogo: kusafisha picha ya katekista wa kwanza wa parokia hiyo ili ichapishwe katika kitabu cha jubilei. Picha yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe, ndogo kama ya kitambulisho. Ilikuwa imekunjwa, na mkunjo umepita katikati ya shavu hadi karibu na kidevu. Kona ya chini ililiwa na mchwa, wakaondoka na bega. Nakala nyingine hakuna. Mzee alizikwa miaka mingi iliyopita, na wengi watakaofika kwenye jubilei hawakuwahi kumwona.

Tulikuwa na kompyuta mbili. Moja ni ile kuukuu ya ofisini, yenye Photoshop 7.0, ambayo kisanduku chake na CD yake bado vimo kabatini. Nyingine ni kompyuta mpakato ya mwenzetu, yenye programu ya kisasa inayotumia akili mnemba. Programu hiyo hatutaitaja jina, kwa sababu nyingi za siku hizi hufanya kazi kwa namna ileile. Tukaskani picha, tukagawanyika makundi mawili, kila kundi na kompyuta yake. Tulidhani tunashindana nani atamaliza mapema. Kumbe swali lililokuwa mbele yetu lilikuwa jingine.

Kabla ya kusimulia yaliyotokea, ni vema tueleze programu hizi zimetoka wapi na matoleo yake yanatofautianaje. Tutachukua Photoshop kama mfano, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi, hata jina lake limekuwa kitenzi mitaani. Mtu akiona picha inayotia shaka husema, "Hii imefotoshopiwa."

Ndugu wawili na programu moja

Mwaka 1987, Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Aliandika programu ndogo ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu kwenye kompyuta ya Macintosh, ambayo kioo chake kilijua nyeusi na nyeupe tu. Ndugu yake, John Knoll, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Industrial Light & Magic, inayotengeneza picha za ajabu za filamu. Yeye ndiye aliyeona kwamba programu ile ingeweza kufanya zaidi ya kuonyesha, ingeweza kubadilisha. Wakaikuza pamoja. Kampuni ya Adobe ikaingia nao mkataba, na tarehe 19 Februari 1990 Photoshop 1.0 ikatoka, kwa kompyuta za Macintosh peke yake.

Ili tuelewane, tukumbuke picha ya kompyuta ni kitu gani. Ni kama mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo sana vya rangi, na kila kipande huitwa pikseli. Kuhariri picha ni kubadilisha vipande hivyo: kimoja kiwe cheusi zaidi, kingine kihamishwe, kingine kifunikwe. Toleo la kwanza liliweza hayo yote. Lilikuwa hata na kile kifaa cha muhuri ambacho mafundi wa picha wanakitumia mpaka leo: unachukua sehemu safi ya picha na kuigonga juu ya sehemu iliyochafuka.

Toleo kwa toleo, nini kiliongezeka?

Anayetumia toleo la leo hawezi kukisia jinsi matoleo ya awali yalivyokuwa hayasamehe makosa. Tutaje hatua chache tu.

Toleo la 3.0, mwaka 1994, lilileta matabaka, ambayo mafundi wetu wa steshenari huyaita leya. Kabla yake, ukibandika kipande juu ya picha na kukiachia, kimeshikamana na picha moja kwa moja. Kwa leya, kila kitu hukaa kwenye karatasi yake inayopenya mwanga, na unaweza kuisogeza au kuiondoa bila kuidhuru iliyo chini.

Toleo la 4.0, mwaka 1996, lilileta leya za marekebisho. Ukiongeza mwanga, picha ya asili inabaki ilivyo; mwanga umewekwa juu yake kama miwani, na miwani huvuliwa.

Toleo la 5.0, mwaka 1998, lilileta orodha ya historia. Hapo awali mtu aliweza kurudi nyuma hatua moja tu, akaishia hapo. Sasa akaweza kurudi hatua nyingi, mojamoja. Toleo hilohilo liliwezesha maandishi kusahihishwa baada ya kuwekwa kwenye picha. Hapo zamani ukikosea herufi ya jina la askofu kwenye bango, unaandika upya.

Toleo la 7.0, mwaka 2002, ndilo hili la ofisini kwetu. Lilikuja na brashi ya kuponya. Hii inafanana na ule muhuri, ila ina busara zaidi: inachukua umbile la ngozi safi na kulilinganisha na rangi na mwanga wa mahali unapolipeleka, hivyo kiraka hakionekani.

Mwaka 2005 lilitoka CS2, lenye brashi ya kuponya ambayo haikuhitaji kuonyeshwa pa kuchukua. Unagusa doa, yenyewe inatafuta. Mwaka 2010, toleo la CS5 likaongeza uwezo wa kujaza eneo zima. Unazungushia mstari nguzo ya umeme iliyoharibu picha ya kanisa, unaifuta, na programu inapekua picha hiyohiyo kutafuta vipande vya anga na majani vinavyofaa kuziba pengo.

Kisha mwaka 2023 ukaja ujazaji wa akili mnemba, kwanza kwa majaribio mwezi Mei, na kwa watumiaji wote mwezi Septemba. Hapa mtu anachagua eneo, anaandika kwa maneno anachotaka, na programu inakitengeneza. Ukiandika "bega lenye koti jeusi," unaletewa mabega matatu uchague moja.

Pikseli zinatoka wapi?

Ukisoma orodha hiyo haraka, utadhani ni safari moja iliyonyooka ya kurahisisha kazi. Sisi tulidhani hivyo. Lakini tukiuliza swali moja, kwamba vipande vinavyoziba pengo vinatoka wapi, tunaona ngazi tatu zilizo tofauti kabisa.

Katika ngazi ya kwanza, ya muhuri na brashi ya mwaka 2002, chanzo ninyi ndio mnaokichagua. Mnaonyesha kwa mkono: chukua hapa kwenye paji la uso, peleka hapa shavuni. Mnajua mmechukua wapi.

Katika ngazi ya pili, ya mwaka 2005 na 2010, chanzo kinachaguliwa na programu, lakini kwa kawaida bado kimo ndani ya picha yenyewe. Mkeka unazibwa kwa nyuzi za mkeka uleule.

Katika ngazi ya tatu, ya mwaka 2023 na kuendelea, chanzo hakimo tena ndani ya picha. Programu imefunzwa kwa picha nyingi mno za watu na vitu vingine, nayo inakisia bega au shavu la namna hii kwa kawaida lingekuwaje. Inachokileta kinaweza kuwa kizuri na kinachofanana na ukweli. Ila si cha mtu huyu.

Hapa falsafa tunayosoma darasani ilitusaidia kidogo. Aristotle anatufundisha kuuliza sababu za kitu, na mojawapo ni sababu tendaji, yaani kile kilichokifanya kitu kiwepo. Shavu lililoko kwenye picha ya kale lina sababu tendaji iliyo wazi: mwanga uligonga uso wa mzee yule, siku ile, ukaingia kwenye kamera na kuacha alama. Picha ni shahidi kwa sababu hiyo. Shavu lililotungwa na akili mnemba halina mwanga huo nyuma yake. Limetokana na wastani wa mashavu ya watu wengine. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino anaueleza ukweli kuwa ni ulinganifu kati ya akili na kitu chenyewe. Je, kiraka hicho kinalingana na kitu gani?

Tusije tukasema, hata hivyo, kwamba udanganyifu umeletwa na matoleo mapya. Mwezi Februari 1982, miaka minane kabla ya Photoshop, gazeti la National Geographic liliyasogeza karibu mapiramidi ya Giza kwa kompyuta ili yaenee kwenye jalada lake la wima, na likalaumiwa sana. Hata kabla ya kompyuta, picha za Stalin zilifutwa watu waliokwisha kuangushwa madarakani. Mkono wa mtu umeweza kusema uongo kwa wembe na wino. Kilichobadilika ni kwamba zamani aliyedanganya alijua anadanganya, maana alitumia siku nzima kufanya hivyo. Leo mtu anaweza kutunga bila kukusudia, kwa sekunde chache, akiamini anasafisha.

Turudi kwa katekista

Kundi la kompyuta mpakato lilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tulipoiona picha tulishangilia. Mkunjo umetoweka, bega limerudi, ngozi inang'aa, macho yana uhai. Kundi la kompyuta kuukuu lilichukua jioni mbili, doa kwa doa. Mkunjo ulififia, lakini picha ilibaki na ukungu wake wa kale, na ile kona ikabaki tupu.

Kwenye kidevu, kundi hili lilikwama. Mkunjo ulipoishia palikuwa na mstari mwingine mfupi, umelala upande kidogo. Ni mkwaruzo wa karatasi, au ni kitu cha uso? Mwenzetu aliyeshika kipanya alikuwa tayari kuufuta, kisha akasita. Tukauacha.

Jumamosi tulikwenda kwa binti wa marehemu, ambaye sasa naye ni bibi mwenye wajukuu. Tulimkuta uani akichambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni mafrateri, ketini."

Tukampa kwanza ile picha inayong'aa. Alifuta miwani kwa khanga, akaitazama kwa muda, akatabasamu kwa heshima.

"Kijana mzuri," akasema. "Ni nani huyu, frateri?"

Hakuna aliyejibu. Tukampa ya pili, ile yenye ukungu. Hakusema neno. Aliweka kidole kwenye kidevu cha picha, palepale penye ule mstari mfupi.

"Boriti," akasema baadaye. "Walikuwa wanaezeka kigango cha kwanza, boriti ikateleza ikamchana hapa. Mama alikuwa akimwambia, wewe Kanisa limekuandika usoni."

Kovu. Programu ya kisasa ilikuwa imelihesabu kuwa uchafu, ikaliondoa pamoja na mkunjo, kisha ikalainisha kidevu kama inavyojua videvu vingi vilivyo. Kosa halikuwa la kompyuta, ilifanya tulichoiagiza. Sisi ndio tulioikabidhi uso wa mtu ambaye hatukumjua, tukapokea jibu bila kuuliza. Wala hatuwezi kujisifu kwa ile picha ya pili, kwani brashi ya mwaka 2002 nayo ingelifuta kovu lile kwa mguso mmoja. Kilichotuokoa ni kwamba kazi ya doa kwa doa ilitulazimisha kupita kwenye kila doa na kuamua, na tulipofika mahali tusipojua, tukapata nafasi ya kusita.

Habari ya boriti haikuwa imeandikwa popote. Sasa imo katika kitabu cha jubilei, chini ya picha. Lile pengo la bega hatukulijaza. Tulikata picha kwa umbo la yai, kama studio za zamani zilivyokuwa zikifanya, na hakuna aliyeuliza bega liko wapi.

Basi turudi sote kwenye matoleo ya zamani?

La hasha. Tungekuwa tunapotosha tukiishia hapo. Toleo la zamani lina mapungufu ambayo kila ofisi ya parokia inapaswa kuyajua.

Kwanza, halifungui picha nyingi za leo. Waumini walipotutumia picha za simu kwa ajili ya kitabu hichohicho, baadhi zilikuwa za muundo wa HEIC au WebP, ambao haukuwapo mwaka 2002. Kompyuta kuukuu ilizikataa. Ile mpya ikazifungua bila shida. Kadhalika mpangilio wa bango, maandishi na rangi tuliufanya kwenye kompyuta mpya, kwa robo ya muda.

Pili, matoleo ya zamani hayatunzwi tena. Kasoro zake za usalama hazizibwi, na kompyuta nyingi mpya haziyakubali. Kwa mfano, kompyuta za Mac ziliacha kabisa programu za biti 32 mwaka 2019.

Kwa upande wa pili, toleo jipya lina mahitaji makubwa. Photoshop 7.0 kwenye Windows iliridhika na RAM ya MB 128. Toleo la leo linataka angalau GB 8, yaani mara 64. Na ule ujazaji wa akili mnemba hufanyika kwenye kompyuta za mbali, si kwenye yako. Bila intaneti haufanyi kazi, na picha yako inasafirishwa kwenda huko.

Tatu, kuna suala la leseni, na hapa tuseme wazi. CS6 ya mwaka 2012 ilikuwa ya mwisho kununuliwa mara moja ikawa yako. Tangu 2013 Adobe hutoa matoleo mapya kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka, kama kodi ya chumba. Kwa sababu hiyo nakala za wizi zinazagaa, na wengi wetu tumezizoea hata hatuzioni kuwa ni wizi. Mwaka 2013 Adobe ilipoweka CS2 mtandaoni kwa ajili ya wateja waliokwisha kuinunua, watu wengi waliichukua wakisema imekuwa ya bure. Haikuwa hivyo. Asiye na fedha ana njia ya halali: programu ya GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1990. Ni ya bure kwa haki, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025, likiwa na marekebisho yasiyoharibu picha ya asili.

Mambo manne ya kuzingatia

Kwa mafrateri wenzetu, makatibu wa parokia na vijana wa vikundi vya habari, tunapendekeza haya.

1. Skani kwanza, na uhifadhi faili la asili pasipo kuliguza. Fanya kazi kwenye nakala, tena kwa leya.

2. Tofautisha picha ya ushahidi na picha ya mapambo. Kwa bango la mavuno au kadi ya Noeli, akili mnemba ni msaidizi mzuri. Kwa uso wa marehemu, tukio la upadrisho, au picha itakayowekwa kwenye kumbukumbu za parokia, tumia vifaa vinavyochukua kutoka ndani ya picha yenyewe. Kama kuna pengo lisilozibika, liache.

3. Kabla ya kufuta alama yoyote usoni, muulize anayemjua mtu huyo.

4. Ikiwa umetumia akili mnemba, sema. Tangu mwaka 2019 Adobe, The New York Times na Twitter walianzisha mpango wa kuonyesha picha imetoka wapi na imebadilishwaje, na matoleo mapya ya Photoshop yanaweza kuhifadhi kumbukumbu hiyo ndani ya faili. Lakini picha ikishachapishwa kwenye karatasi, kumbukumbu hiyo haionekani. Andika mstari mmoja chini ya picha.

Jambo hili si dogo kwa Kanisa. Mwezi Machi 2023 picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe ilienea duniani kote, na wengi waliiamini. Ilitungwa na akili mnemba. Katika ujumbe wake kwa Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mwaka 2024, Papa alizungumzia akili mnemba na kukumbusha kwamba hata yeye amewahi kufanyiwa picha za namna hiyo. Kama uso unaojulikana na ulimwengu mzima unaweza kutungwa watu wakaamini, uso wa katekista wa kijijini, ambao wanaoukumbuka wamebaki wachache, unahitaji ulinzi zaidi.

Ile picha inayong'aa bado tunayo. Tumeihifadhi kwenye kompyuta ya ofisini, katika folda ya mafunzo, ikiwa kando ya ile ya asili, na kila frateri mpya anayejiunga na kitengo tunamwonyesha zote mbili na kumwomba ataje tofauti. Wengi huanza na bega. Kovu huonekana mwisho.

Nanyi wasomaji wetu, ikiwa nyumbani au parokiani kwenu zipo picha za kale zinazoharibika, msingoje jubilei. Ziskaniwe sasa, na waliobaki wanaowajua waliomo waulizwe majina na habari zao, zikaandikwe.